Konzi, Miligramu na Chombo cha Maji

Maji ya kuku wa nyama huko Kamwokya, Kampala, yana rangi. Asubuhi yanaweza kuwa ya kijani kilichofifia, rangi ya majani ya mti mchungu wa mululuza yaliyochemshwa usiku na kuachwa yapoe sufuriani. Jioni yanageuka manjano, kwa unga wa oksitetrasaiklini ulionunuliwa kwa pakiti katika duka la dawa za mifugo. Kuna siku rangi hizo mbili hukutana katika chombo kimoja, na mwenye banda haoni cha ajabu: yote ni dawa, na kuku lazima wafike sokoni wakiwa hai.

Tumezoea kusimuliwa habari za mitishamba na antibaiotiki kana kwamba ni mahasimu, mmoja akiingia mwingine anatoka. Ulaya ndivyo ilivyokuwa, tena kwa amri ya sheria. Kamwokya sivyo. Hapa mahasimu hao wananywewa pamoja, na sababu yake haitaonekana tukimtazama mfugaji wa Kampala peke yake na kumwita mjinga au, kwa upande wa pili, mlinzi wa hekima ya mababu. Inabidi kumweka kando ya wengine waliowahi kuwapa kuku majani: Warumi wa kale na warithi wao wa Brussels, Wachina, Wahindi, na sisi wa pwani wenye karafuu. Mimea yenyewe inafanana kuliko tunavyodhani. Kinachotofautiana ni kuku aliyekusudiwa, na swali ambalo mmea unatakiwa kulijibu juu yake.

Kamwokya iko jirani na Jumba la Makumbusho la Uganda, kando ya Kira Road, chini ya kilima cha Kololo. Upande wa juu kuna ofisi na migahawa ya wenye nazo. Ukishuka nyuma ya soko unaingia kwenye vyumba vilivyobanana, mitaro, wakaanga chapati, studio za muziki na, kwa anayejua kunusa, mabanda ya kuku. Banda lenyewe huenda likawa chumba kilichokosa mpangaji: sakafu imetandikwa maranda, dirisha limezibwa kwa gunia, jiko la mkaa limewekwa pembeni kuwapa joto vifaranga. Tangu 2006 Kampala ina sheria ndogo zinazoruhusu kilimo na ufugaji mjini kwa kibali, ingawa si kila chumba chenye maranda kina karatasi hiyo. Vifaranga huja kwenye maboksi wakiwa na umri wa siku moja. Wiki sita baadaye, au tano ikiwa Krismasi au Idi imekaribia na bei ni nzuri, wanaondoka wakining'inia kwenye boda boda.

Kuku huyu hana mapokeo popote duniani. Mwaka 1948 Marekani ilifanya mashindano ya kitaifa ya kumtafuta kuku wa kesho, mwenye kifua kipana na anayekua upesi, na mashindano hayo yakafungua njia ya kuku wa nyama tunayemjua leo. Miaka hiyo hiyo, katika maabara ya Lederle huko New York, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wakitafuta vitamini B12 kwenye mabaki ya kutengenezea klotetrasaiklini. Vifaranga waliolishwa mabaki hayo walinenepa kuliko vitamini ingeweza kueleza. Kufikia 1950 walikuwa wameshatangaza kwamba antibaiotiki yenyewe ndiyo iliyowakuza, na mwaka uliofuata Marekani ikaruhusu dawa za aina hiyo zitiwe kwenye chakula cha mifugo bila cheti cha daktari. Kwa hiyo kuku wa nyama na antibaiotiki ni ndugu waliolelewa nyumba moja. Anayewatenganisha anavunja ukoo, na tutaona gharama yake.

Kuku wa Waganda, enkoko enganda, alikuwa na maisha mengine. Jogoo anayepewa kaka wa bibi harusi siku ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa ndoa, lazima awe wa kienyeji. Mpelekee wa nyama uone kama utapewa mke. Zamani wanawake wa Kiganda hawakula kuku kabisa: alikuwa wa mume, wa mgeni, wa sherehe. Aliishi miaka. Alijulikana kwa rangi na kwa tabia, na akisinzia pembeni mtu aliona. Elimu yote ya majani iliyoko Buganda ilitungwa kwa ajili ya kuku huyo, na hilo ndilo jambo ambalo wasifiaji wa mitishamba hulisahau.

Lucius Columella, aliyezaliwa Gades katika Hispania ya leo, aliandika katika karne ya 1 vitabu vya kilimo, na cha nane amekitenga kwa kuku na ndege wengine wa nyumbani. Kuku akipatwa na kamasi na ugonjwa wa ulimi, anasema, wapo wanaomtia kooni punje za kitunguu saumu zilizoloweshwa kwa mafuta ya uvuguvugu. Mkulima wa Buganda hakuandika kitabu, lakini ana katunguluccumu yake, ambayo ni kitunguu saumu kile kile. Ana kamulali, pilipili ndogo ya kusaga. Na kuku akiatamia humtandikia kawunyira kiotani, jani lenye harufu kali, ili utitiri ukimbie. Yapange maagizo haya pamoja uyasome kama mhakiki wa maandishi. Yote yamo katika umoja: kuku mmoja, koo moja, kiota kimoja, mkono unaomshika mgonjwa. Hakuna anayeuliza kuku ataongeza gramu ngapi kwa siku. Mrumi na Mganda, waliotenganishwa na bahari na karne kumi na kadhaa, wanazungumza kwa sarufi moja ya tiba.

Tena katika sarufi hiyo mgonjwa mwenyewe ana sauti. Mwaka 1987 katika milima ya Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, aliyekuwa bingwa wa dawa za Kitongwe, walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Sokwe alivunja tawi changa la mti huu huu wa mululuza, akamenya ganda, akatafuna kiini na kunyonya maji yake machungu, akatema nyuzi. Majani hakuyagusa. Kesho yake alikuwa na nafuu. Watongwe nao huutumia mti huo kwa maradhi ya tumbo. Kuku wa kienyeji anayeparua jalalani naye ana uhuru wa namna hiyo, japo mdogo: anadonoa hiki, anakiacha kile. Kuku wa nyama anakula kilichomo kwenye chombo, na kama kilichomo si dawa ya ugonjwa wake, hana pa kwenda.

Sweden ilipiga marufuku antibaiotiki za kukuza mifugo mwaka 1986. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ukaizuia avoparsini, kwa hofu kwamba bakteria waliozoea dawa hiyo ya mifugo wangekuwa sugu pia kwa vankomisini, jamaa yake anayetegemewa hospitalini. Tarehe 1 Januari 2006 mlango ukafungwa kwa vichocheo vyote vya ukuaji vilivyokuwa vimebaki. Hapo ndipo mmea ulipoitwa. Haukuitwa kwa heshima ya Columella. Uliitwa kwa sababu kiti kilikuwa wazi na viwanda vya chakula cha mifugo vilihitaji wa kukikalia.

Ulipoitwa ulitakiwa ujieleze upya. Oregano ya Ugiriki ilipoingia maabara ilitoka ikiwa karvakroli na thimoli. Mdalasini ukawa sinamaldehidi. Karafuu ikawa eujenoli. Mwaka 2015 Tume ya Ulaya iliidhinisha kwa kuku wa nyama mchanganyiko wa karvakroli, sinamaldehidi na oleoresini ya pilipili. Kamulali, kwa maneno mengine, ameshaingia katika sheria za Brussels, ingawa kwa jina ambalo hakuna mama wa soko la Kamwokya angelitambua. Na viwili vya kwanza katika orodha hiyo vinaweza kutengenezwa kiwandani bila jani hata moja kukatwa.

Ni rahisi kuucheka utaratibu huu, na mimi huucheka kidogo. Lakini una nidhamu inayostahili kuonewa wivu. Chukua suala la mahali. Eimeria tenella, mmoja wa vimelea wanaoleta kuhara damu, hukaa katika vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo wa kuku. Mafuta ya oregano yakitiwa hivi hivi kwenye chakula hufyonzwa mapema, sehemu ya juu, yasifike huko. Wazungu wakaona, wakayafunika kwa mafuta magumu yanayoyeyuka taratibu ili dawa isafiri hadi anapoishi adui. Hapo kuna fikra ya kweli juu ya tumbo la kuku, na haikutoka kwenye fahari ya kale.

Au chukua ukali. Wafugaji wengi huamini pilipili humpasha kuku moto, ndiyo maana humfaa wakati wa mvua. Mwaka 2002 Sven-Eric Jordt na David Julius walionyesha kwamba kipokezi cha kuku kinachohisi joto hakishikwi na kapsaisini, kile kiambato kinachotuchoma sisi. Ndege anakula pilipili kama sisi tunavyokula tango, na ndivyo mbegu za pilipili zinavyosafirishwa porini. Kamulali anaweza kuwa na kazi tumboni mwa kuku, lakini si kazi ya kumpasha moto.

Na uchungu je? Ukimuuliza mfugaji, "Nnyabo, mululuza unatia kiasi gani?" jibu utakalolisikia ni "Konzi moja au mbili, ssebo, mpaka maji yawe machungu." Machungu kwa ulimi wa nani? Binadamu ana jeni takriban 25 za kuonja uchungu. Kuku ana tatu. Kipimo cha Kamwokya kinatumia ulimi wa mpishi kumpimia mlaji mwingine kabisa. Tena mti wa bondeni penye maji na mti wa mlimani penye jua haina uchungu mmoja, jani changa si sawa na jani pevu, na sufuria iliyochemka robo saa si sawa na iliyosahauliwa jikoni. Leo kuku kanywa chai nyepesi, kesho kanywa shubiri. Hapa ndipo miligramu kwa kilo inapoishinda konzi, na sioni sababu ya kuitetea konzi kwa uzalendo.

China ilikuja nyuma, lakini kwa namna yake. Kwa tangazo namba 194 la 2019, wizara ya kilimo iliziondoa dawa zote za kukuza mifugo zilizokuwa zikichanganywa kwenye chakula, na kuanzia Julai 2020 viwanda havikuruhusiwa tena kuzitia. Zikasazwa dawa za jadi za Kichina. Sheria moja ikafunga mlango kwa mkono wa kulia na kuufungua kwa wa kushoto. Ulaya ilimtaka mgeni aje na vipimo vyake ndipo akaribishwe; China ilimtambua mwenyeji kwanza, kisha ikatafuta namna ya kumpima. Nyuma ya uamuzi huo kuna maandishi mengi: Jia Sixie aliweka sura ya kuku katika Qimin Yaoshu karne ya 6, na mwaka 1608 ndugu wawili wa ukoo wa Yu walitoa kitabu cha tiba ya farasi ambacho waganga wa mifugo walikisoma kwa vizazi. Kuna pia fahari mpya. Tu Youyou alipopewa Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, iliyotolewa katika jani la qinghao, dola ilipata hoja ambayo hakuna wizara ingeiacha ipite. Jani hilo hilo limejaribiwa dhidi ya vimelea wa kuhara damu kwa kuku, hata katika maabara za serikali ya Marekani miaka ya 1990. Nina mashaka na sheria inayompa mmea cheti kwa sababu ya ukoo. Lakini inao ujasiri ambao Kampala haijawahi kuuonyesha kwa mululuza.

India sitaikalia sana. Huko mmea umekaa katikati, kama dawa ya kuimarisha mwili: chupa ya ini, chupa ya hamu ya kula, ahadi pana na lawama chache. Maduka ya pembejeo ya Afrika Mashariki yanazijua chupa za namna hiyo. Jambo moja tu la India ningependa liazimwe, nalo ni la ng'ombe. Kwa uvimbe wa kiwele, bodi ya taifa ya maziwa inawafundisha wakulima dawa ya kupaka: shubiri gramu 250, manjano gramu 50, chokaa gramu 15. Ni jani la nyumbani, lakini lina gramu. Mkulima haambiwi achague kati ya bibi yake na mizani.

Kamwokya ina jani lake ambalo limepata umaarufu mbali kuliko nyumbani. Kando ya mitaro yote hapo huota ssere, magugu ambayo Waswahili tunayaita kishona nguo kwa namna mbegu zake zinavyong'ang'ania suruali. Ni Bidens pilosa. Nchini Taiwan timu ya Academia Sinica imelifanyia majaribio kwa miaka, na mwaka 2016 ilichapisha matokeo: kuku waliokula unga wa jani hilo kwenye chakula waliongezeka uzito vizuri zaidi, na koksidia, ile kuhara damu, ikawasumbua kidogo kuliko wenzao. Kampala tunaling'oa na kulitupa, au tunampa sungura.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walijaribu utomvu wa shubiri aina ya Aloe secundiflora kwa kuku walioambukizwa makusudi homa ya matumbo ya kuku na mdondo, na mwaka 2002 wakatoa matokeo ya kutia moyo. Lakini kutia moyo si kukinga. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni wa virusi, na ukiingia bandani bila chanjo unaweza kufagia kuku wote kwa siku chache. Hakuna jani lolote katika mapokeo yoyote niliyoyataja linalosimama mahali pa chanjo. Liko hata suala la kuharibiana. Chanjo hai ya mdondo hupewa kuku kwenye maji ya kunywa, na mtaalamu husisitiza maji hayo yawe safi, bila klorini wala dawa, hata huongezwa unga wa maziwa kidogo ili kuilinda. Mfugaji anayemimina chanjo kwenye chombo chenye mabaki ya mululuza wa jana huenda ameiua kabla haijafika mdomoni. Amefanya vyote viwili vyema, na amepata hasara ya vyote viwili.

Maji ndiyo yanayobeba tofauti kubwa kati ya Kamwokya na Brussels. Ulaya huweka mmea kwenye chakula. Kamwokya huuweka kwenye maji. Kuku akiugua huacha kula kabla hajaacha kunywa; kila mfugaji anajua hilo, na ndiyo sababu dawa za tiba hupitishwa kwenye maji. Chakula humfikia mzima, maji humfikia hata mgonjwa. Kwa hiyo Mzungu anapotia karvakroli kwenye chakula anauliza: nitamzuiaje kuku mzima asipungue kasi? Mfugaji wa Kamwokya anapochemsha mululuza anauliza swali la Columella: nimpe nini huyu aliyesinzia? Ameleta sarufi ya kuku mmoja mbele ya kuku mia mbili. Akiona watano wamevimba manyoya, anawatibu wote, kwa sababu chombo ni kimoja. Na kwa kuwa kuku hunywa zaidi mchana wa jua kali, kipimo nacho hupanda na kushuka na hali ya hewa ya Kampala.

Sasa rudi kwenye ile rangi ya manjano. Kwa nini asiache moja? Antibaiotiki zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, ili mabaki yaishe mwilini. Kuku wa nyama huwa mzito zaidi, na mwenye hatari zaidi ya kufa kwa joto na msongamano, katika wiki ile ile ya mwisho anayotakiwa asipewe dawa. Chakula ameshakula karibu chote, deni la pumba na dagaa wa mukene limeshaandikwa, mteja wa hoteli ameshapiga simu. Kuku akikohoa siku ya 35, sheria inamwambia mfugaji ama amtibu na asubiri, ama amuuze bila kumtibu. Kusubiri ni kulisha. Jani halina siku za kusubiri zilizoandikwa popote. Hapo ndipo mululuza unaposhinda Kamwokya, kwenye daftari la wiki ya mwisho, na imani ya mababu ina mchango mdogo. Wenye haraka zaidi hutia vyote.

Uganda imeshaona mwisho wa mantiki hiyo. Mwaka 2023 ilibainika mbele ya kamati ya Bunge kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zilikuwa zikipewa nguruwe na kuku, wengine wakitafuta tiba ya homa ya nguruwe na mdondo, wengine wakitafuta unene. Na kwamba Mamlaka ya Taifa ya Dawa ilikuwa na habari kwa miaka kadhaa. Watu walishtuka, na walikuwa na haki. Lakini aliyetia vidonge vile hakufikiri tofauti na Jukes mwaka 1950: alikuwa na mnyama wa kunenepesha upesi na kitu kilichokuwa karibu kilichoonekana kusaidia. Yeye hakuwa na maabara, wala mtu wa kumwambia kuku wa jirani asiyepewa alikuwa na uzito gani.

Huyo kuku wa jirani ndiye anayekosekana. Vichocheo vya ukuaji, vya dawa na vya mimea, vina tabia moja: huonyesha faida kubwa zaidi penye uchafu na msongamano, na kidogo sana kwenye banda safi. Ndiyo kusema mabanda ya Kamwokya ni mahali pazuri sana pa mmea kuonekana umefanya kazi. Ni mahali pazuri pia pa kugundua kwamba kubadilisha maranda yaliyolowa na kupunguza kuku thelathini chumbani kungefanya kazi hiyo hiyo bila jani. Hili halisemwi sana, kwa sababu maranda hayana hadithi ya kuvutia, na kuku thelathini ni kodi ya nyumba.

Pwani nako tuna la kujibu. Pemba kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo na majani ya mikarafuu, cha shirika la biashara la Zanzibar, ambalo kwa miongo mingi limenunua karafuu ya mkulima na kuiuza nje. Eujenoli iliyomo katika mafuta ya namna hiyo ni mojawapo ya viambato vinavyotajwa sana katika nyongeza za chakula cha kuku Ulaya. Tunauza kwa pipa na kununua kwa pakiti. Sisemi hivyo kwa uchungu wa kisiasa. Nasema kwa sababu kukamua mafuta ni ile hatua ambayo wengi husema haiwezekani kwetu, na Wapemba wanaifanya.

Na Buganda ina hatua yake, iliyoanikwa sokoni kila siku. Ni emmumbwa: vijiti vya udongo uliokandwa na mitishamba na kukaushwa, ambavyo wajawazito husugua kwenye jiwe na kunywa na maji. Wataalamu wa chakula cha mifugo wangekitambua kijiti hicho mara moja kama wangeacha kukiona kama ushirikina. Ni kibebeo. Dawa imeshikwa ndani ya udongo, haichachi, inahifadhika, inakatika kwa kipimo. Kampuni za Ulaya hubebesha mafuta yao kwenye silika na kwenye udongo kwa sababu hizo hizo, na bentonaiti, udongo wa aina moja, imeidhinishwa huko kunasa sumukuvu ya aflatoksini kwenye chakula cha mifugo. Aflatoksini ndiyo balaa la mahindi ya Uganda, na inakula ini la kuku wa Kamwokya kabla koksidia haijabisha hodi. Udongo wa emmumbwa si bentonaiti kwa sababu tu ni udongo. Lazima upimwe, usije ukaleta risasi na madini mengine mazito. Lakini wazo la kuchanganya ssere au mululuza uliokaushwa, uliopimwa kwa mizani, ndani ya udongo uliochunguzwa, kisha kuusaga na kuutia kwenye pumba wiki ya kwanza badala ya kuuchemsha siku kuku wameshasinzia, halihitaji ruhusa ya Brussels wala ya Beijing. Linahitaji vyumba viwili vya kuku wa boksi moja, kimoja kikipewa na kingine kisipewe, mizani ya duka, na daftari linaloandikwa hata siku ambayo matokeo hayapendezi. Makerere ina chuo cha tiba ya mifugo umbali wa safari fupi ya boda boda. Wanafunzi wake wanatafuta mada za utafiti kila mwaka.